Tulivyomzibua Sivko

Baba aliliita trekta letu Sivko, jina la farasi wake wa kijivu aliyemuuza ili alinunue. Nalo lilikuwa la kijivu, na Baba alizungumza nalo kama alivyozungumza na farasi: alilibembeleza asubuhi za baridi, akalitukana likikwama matopeni, na jioni akalipiga kofi la upole kabla ya kufunga mlango wa banda. Alipofariki, kaka yangu Orest alilifunika turubai, likalala humo miaka na miaka.

Mimi nilikuwa nimehamia mjini Calgary zamani. Nyumbani Saskatchewan, mashambani Kanada, nilirudi kila Julai tu, kwa sikukuu ya kanisa letu dogo lenye kuba la bati. Siku nyingine zote kanisa hilo lilisimama tupu katikati ya ngano, maana watu wake walikwisha kwenda mjini au makaburini. Mwaka huo Orest alinipigia simu mapema.

"Nastia, sikukuu ya mwaka huu ndiyo ya mwisho. Padri amesema wanalifunga kanisa."

"Basi nitaoka mkate wa asali."

"Oka. Lakini njoo na nguo za kazi pia. Nataka Sivko awabebe watu kama enzi za Baba."

Nilimwelewa mara moja. Kutoka barabara kuu hadi kanisani kuna njia ya udongo mweusi, na ikinyesha hakuna gari dogo linalopita. Kila sikukuu Baba alikuwa akifunga tela la nyasi kavu nyuma ya Sivko, akawangoja wazee barabarani. Kina mama waliketi juu ya marobota na vyungu vyao vya chakula mapajani, wakiimba njia nzima, na sisi watoto tulining'inia nyuma tukiburuza miguu.

Nilifika Jumamosi, siku moja kabla ya sikukuu. Orest alinipeleka bandani bila hata kunipa chai. Majira ya baridi yaliyopita alikuwa amelipaka trekta lote rangi mpya, likang'aa mpaka nikajiona usoni mwake.

"Umemremba kama bibi harusi," nikamwambia. "Anawaka?"

"Anakohoa."

"Anakohoa halafu?"

"Halafu anakufa. Wewe mjini umejifunza maswali tu? Shika spana hiyo."

Tukaanza chini ya tangi, pale penye kikombe cha kioo kinachonasa uchafu wa mafuta. Zamani ungeweza kusoma gazeti kupitia kioo kile. Sasa kilikuwa cheusi kama chupa ya dawa ya kikohozi. Orest alipokifungua, kikatoka kitu kizito cha rangi ya kahawia, chenye harufu ya rangi iliyochacha.

"Hii si petroli," nikasema. "Huu ni uji wa kutu."

"Baba mwenyewe ndiye aliyemtilia," akajibu kaka yangu kwa sauti ya chini. "Haya ndiyo mafuta ya mavuno yake ya mwisho."

Tukayaangalia yale mafuta ndani ya ndoo, wazee wawili tuliopiga magoti. Nikakumbuka nilivyokuwa nikimpelekea Baba chakula shambani, maandazi ya viazi ya Mama, yale yaliyochemshwa kisha yakakaangwa kwa vitunguu. Alikula ameketi kwenye kivuli cha gurudumu. Mikono yake ilinuka petroli hata alipomega mkate, na mpaka leo nikipita kituo cha mafuta, njaa huniuma.

"Unalia au ni harufu?" Orest akaniuliza.

"Harufu."

"Hata mimi."

Tulilishusha tangi. Orest akatia ndani mafuta safi kidogo na kiganja cha nati kuukuu, kisha tukalishika huku na huku, tukalitikisa ili nati zikwangue kutu. Lilikuwa zito, na ili tusichoke tulianza kwenda kwa mapigo, hatua mbele, hatua nyuma. Orest akaanza kuvuma wimbo wa harusini. Tukayamwaga mafuta yakiwa mekundu kwa kutu, tukatia tena, tukacheza tena. Jirani akipita angedhani tumerukwa na akili.

Paipu ya kushushia mafuta ilikuwa imeziba kabisa. Nilimwambia atumie pampu ya baiskeli. Akasema Baba hakuwahi kutumia pampu ya baiskeli. Akaitia mdomoni, akavuta, kikamfyatukia kooni kidonge cha uchafu. Akatema, akalaani kwa Kiukreni, lugha tuliyobaki nayo kwa kusali na kulaani tu.

"Baba naye alilaani hivyohivyo," nikasema nikicheka hadi nikajishika mbavu. "Neno kwa neno! Pampu iko wapi?"

"Nyuma ya mlango," akasema akijifuta ulimi kwa mkono wa shati.

Kabureta niliifanya mimi, kwa sababu vidole vya Orest vimekakamaa. Nilichomoa uzi mmoja wa shaba kwenye waya wa taa, nikaupitisha taratibu katika vitundu vyake ambavyo ni vyembamba kuliko tundu la sindano. Kila kimoja nilikiinua dirishani nikakichungulia mpaka nikaona nuru.

Alasiri tulifunga kila kitu, tukatia petroli mpya, Orest akapanda kitini. Sivko akakohoa, akatoa moshi, kisha akanguruma. Ngurumo ile ilinirudisha kitandani utotoni, nikisikia kupitia dirisha kwamba Baba ameshatoka. Orest alinyanyua kofia hewani. Akalitoa bandani, akazunguka uwanja mara moja, akapita ghala, akafika karibu na bwawa. Hapo trekta likaguna, likapunguza sauti, likazima.

Tulingoja. Likawaka tena, likaenda kidogo, likazima palepale. Tulifungua kikombe: safi. Tukapuliza paipu: safi. Orest alikaa chini kwenye majani, kofia mikononi.

"Basi," akasema. "Wazee wataenda kwa miguu. Nimejisumbua bure, na wewe nimekusumbua."

Nilipanda juu ya trekta nikitaka tu kutazama kiasi cha mafuta. Nilipolegeza kifuniko cha tangi, hewa ikaingia kwa kishindo: fyuuu! Nikakigeuza kile kifuniko mkononi. Juu yake huwa kuna kitundu cha kuingizia hewa, maana tangi lisipovuta hewa, mafuta hayashuki. Kitundu hakikuonekana. Kilikuwa chini ya rangi nzuri, nene, inayong'aa.

"Orest."

"Niache."

"Kaka, njoo uone ulivyomziba pua bibi harusi wako."

Alikuja, akatazama. Alinitazama na mimi, uso umemwiva. "Ukimwambia mtu yeyote kanisani," akasema, "mkate wako wa asali nitawapa nguruwe."

Nilikitoboa kwa msumari mwembamba. Sivko alinguruma mpaka jua lilipolala juu ya ngano, na hakuna aliyetaka kumzima.

Usiku ule mvua ilinyesha. Asubuhi wazee walisimama barabarani wakiyatazama matope, na tulipotokea na tela, kelele zikapigwa. Tuliwapandisha mmoja mmoja, wengine kwa kuwasukuma makalio, na matusi ya mapenzi yakaruka. Ibada ilikuwa ndefu. Padri alipozima mshumaa wa mwisho, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuinuka.

Tulikula mezani nje, tukabariki makaburi, na jioni tukawapakia kurudi. Hawakuimba. Badala yake mmoja akanyoosha kidole kwenye ngano tupu. "Pale kwa kina Melnychuk." Mwingine akasema, "Pale shule." Kila mmoja akataja alichokiona, ingawa hapakuwa na kitu isipokuwa mashuke yakiyumba. Orest alipunguza mwendo ili asipite mahali pa mtu kabla hajapataja.

Shangazi Paraska, mkubwa kuliko wote, alimgonga begani kwa fimbo. "Simama hapo, mwanangu."

Mbele yetu, ndani kabisa ya shamba, mtofaa ulisimama peke yake. Ndipo ilipokuwa nyumba yake. Nilimshika mkono tukapita kwenye ngano, taratibu. Aliupapasa mti kwa kiganja, akasema mumewe aliupanda mwaka walipooana, na kwamba matunda yake hayakuwahi kuwa matamu hata siku moja. Kisha akakinga aproni, akaniamuru nichume. Yalikuwa mabichi, magumu kama kokoto.

"Shangazi," Orest akaita kutoka trekta, "nizime nije nisaidie?"

"Usithubutu!" akamjibu. "Lisipowaka tena nitalala hapa, na leo sina mto."

Tela lote likaangua kicheko. Aliuma tunda moja, akakunja uso kwa ukali wake, akalitafuna mpaka likaisha. Tulipompandisha akaligawa zigo la aproni, kila mtu lake, na tukaenda tukiuma matofaa mabichi na kutemeana maganda mpaka barabara kuu.