Friji Iliyobaki kwa Shakir

Kila Jumamosi Metrine alivaa rinda lake la kanisani, akatoka Kaloleni kwenda dukani kwa Shakir kuitembelea friji yake. Alikuwa akiilipia pole pole, na Shakir hakukubali itoke dukani kabla ya senti ya mwisho. Basi Metrine huifungua, akaipangusa vumbi, akaifunga, akatoa kidogo alichonacho, akarudi nyumbani.

Fabian, mumewe, alimcheka mpaka mbavu zikamuuma. Yeye alikuwa na kadi ya benki ya kukopa, na kwa kadi hiyo televisheni kubwa ilifika nyumbani siku ileile aliyoitamani. Jumamosi moja mkewe aliporudi, akamuuliza:

"Mama Naswa, friji haijambo leo? Imekuuliza habari za watoto?"

"Haijambo. Imesema wewe uendelee tu kunywa maji ya moto."

Simu ya Fabian ikalia mezani. Namba ngeni. Aliitazama kama mtu aliyeona nyoka, akamsukumia mkewe.

"Hao ni watu wa kadi. Waambie nimeenda Maseno, simu nikaisahau."

Metrine akapokea, akasikiliza, akaziba simu kwa kiganja.

"Ni baba yangu, anatumia simu ya jirani. Anauliza wale ng'ombe wa mahari waliobaki."

Fabian akapunguza sauti ya televisheni.

"Kumbe hata mimi ulinichukua kwa kadi," Metrine akasema. "Baba angekuwa Shakir, ningekuwa bado kwetu, na wewe unakuja kila Jumamosi kunipangusa vumbi."