Mchele wa Kuku

Kwanza nilisikia mchi. Du, du, du, kisha kimya kifupi na kofi moja, kisha du tena. Kile kimya ndicho kilichonisimamisha njiani. Mtwangaji alikuwa akiurusha mchi juu, anapiga kofi, anaudaka kabla haujaanguka, na hakukosea hata mara moja. Mimi mashairi nimejifunza mwenyewe, kwa kuhesabu mizani kwenye vidole huku nikifukuza ndege shambani, na niliposikia mapigo yale nilijiambia kwamba huyu, awe nani, ni wangu. Ndipo nikachungulia kwenye ua wa makuti nikamwona Mboni.

Mboni alikuwa binti wa Bi Kazija, mjane wa hapa Somanga. Nilipeleka posa baada ya mavuno. Palikuwa na mwingine aliyetangulia, lakini Mboni alipoulizwa alitaja jina langu, Kondo, bila kuinama. Basi kwa desturi yetu akawekwa ndani hadi siku ya harusi. Mwali hatoki, hashiki jembe wala mchi, na mchumba wake haruhusiwi kumwona. Kazi yake ni kusingwa mwili kwa liwa yenye manukato, kula na kunawiri. Hayo niliyakubali.

Nisichoweza kukivumilia kilikuwa Abdurahmani.

Ndiye yule aliyetangulia. Ni mtoto wa kaka yake Bi Kazija, kwa hiyo ni binamu yake Mboni, na mwaka huo alikuwa amepata kazi Kivinje kwenye mashine mpya ya kukoboa mpunga. Alivaa kaptura ya kaki iliyonyooshwa pasi. Kila Ijumaa alishuka kwenye lori na mfuko wa mchele begani, mchele mweupe kama meno ya mtoto, hauna hata punje moja yenye ganda. Tena, kwa kuwa ni binamu na mtani, yeye aliruhusiwa kusimama chini ya dirisha la mwali na kumtania. Mimi niliyekubaliwa nilisimama barabarani kama mpita njia. Yeye aliyekataliwa alikuwa akimchekesha mchumba wangu, nami nakisikia kicheko.

Nikasema nitashindana naye kwa jasho langu. Nilichukua mpunga wangu mwekundu wa bondeni, mama akautwanga, nikaupeleka kwa Bi Kazija kwenye kikapu kipya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeleta nini?"

"Mchele, wa Mboni."

Aliuchota kwa vidole, akautazama kama mtu anayetazama kitambaa chenye doa. "Ahsante. Weka hapo."

Siku ya pili nilipita tena. Bi Kazija alikuwa amesimama uani na kikapu changu kiunoni, anaita ti-ti-ti-ti, na mchele wangu unamwagika mbele ya kuku.

"Mama," nilisema, "huo ni mchele wa Mboni."

"Mwali halishwi pumba, Kondo. Atatoka na ngozi ya mkulima. Abdurahmani ameleta mweupe, unatosha." Akaendelea kumwaga. "Usinune. Kuku wameupenda."

Nilinuna. Nikaenda nyumbani nikatunga ubeti, na jioni hiyo kwenye ngoma niliuimba mwenyewe:

*Mchele wa mashineni, mweupe hauna ganda,*
*Wavuliwa nguo ndani, mwili wake umekonda,*
*Auletaye ni nani, vumbi tupu limeganda,*
*Mwali usile jamani, mchele wa kujipenda.*

Watu walicheka, maana Abdurahmani hushuka kwenye lori na vumbi la pumba hadi kwenye nyusi. Lakini wakati wa kuondoka nilisikia mmoja akimwambia mwenzake, "Ule si ushairi, ni wivu." Kwani wivu hauwezi kuwa na vina?

Miezi ikapita. Nilikuwa na njia yangu ya kwenda kisimani, ndefu kuliko ya watu wengine, inayopita nyuma ya nyumba ya Bi Kazija. Sikuweza kumwona Mboni, kwa hiyo nilijifunza kumsikia. Mwanzoni nyayo zake zilikuwa nyepesi sakafuni. Baadaye zikaanza kuburuza, kama mtu aliyevaa viatu vikubwa vya mwingine. Siku moja nilisikia kitu kikianguka, na sauti yake ikisema taratibu, "Siisikii miguu, mama."

"Ni uzito," Bi Kazija alijibu. "Umenona. Ndicho tunachotaka."

Na kweli wanawake waliotoka mle ndani walimsifu. Walisema miguu imejaa, uso umejaa, mwali ametakata. Mama yangu alipokwenda kumtazama alirudi kimya, na nilipomuuliza alisema, "Amejaa, lakini hacheki." Hapo nilikumbuka kwamba ni Ijumaa kadhaa sasa Abdurahmani anasimama dirishani na kicheko hakitoki.

Nikamfuata Bi Kazija. "Mama, Mboni anaumwa."

"Nani kakuambia?"

"Nimesikia miguu yake."

"Kondo, umeshaimba watu wakacheka. Sasa unataka kuja kunikosesha usingizi kwa habari za nyayo. Mwanangu anakula wali wa nazi, chai yenye sukari, na mkate wa bofulo binamu yake akipata. Samaki sijampa, asije akanuka shombo. Kunde sijampa, zitamharibu ngozi. Mimi mwenyewe wakati wangu nililishwa ugali wa mtama. Wewe unataka alishwe kama mimi?"

"Nataka atembee."

"Unataka Abdurahmani asiingie hapa. Sema hivyo, utapumzika."

Alisema kweli, na ndiyo maana niliondoka nimekasirika hivyo. Nilitaka Abdurahmani asiingie. Lakini nilikuwa nimesikia miguu ile pia, na sikuweza tena kuyatenga mambo hayo mawili.

Nesi Cecilia wa misheni ya Kipatimu huteremka Somanga mara moja kwa mwezi kupima watoto wachanga. Ni Mmatumbi, mwanamke mfupi asiye na haraka. Nilimngojea barabarani, nikamweleza. Yeye ni mwanamke, haikumkataza desturi kuingia kwa mwali. Mimi nilibaki nje ya ua, nikisikiliza.

"Nyoosha mguu, mwanangu. Ninapokubonyeza hapa unasikia?"

"Kidogo."

"Na hapa?"

"Hapana."

"Tazama, mama," Cecilia alisema. "Nimebonyeza kwa kidole na shimo limebaki. Mafuta hayafanyi hivi. Huyu hajanona, amevimba. Analishwa nini?"

Bi Kazija alitaja kwa fahari: wali, chai, bofulo.

"Wali wa mashine?"

"Mweupe kabisa."

"Basi ndio huo. Nguvu ya mchele inakaa kwenye lile ganda jembamba na kiini chake. Mashine inaviondoa vyote, vinabaki pumba. Ukila mchele uliobaki peke yake, bila kunde, bila samaki, miguu inakufa ganzi, halafu inavimba, halafu moyo unachoka. Wazungu wanaita beriberi. Vidonge nitampa, lakini vitakwisha, na chakula ni cha kila siku. Mpe mchele wa kutwanga. Mpe kunde."

"Pumba ni za kuku," alisema Bi Kazija.

"Kuku wako wakoje?"

Kuku walikuwa uani, manyoya yanang'aa, wanakimbizana kama watoto wa chuo cha Kurani waliofunguliwa.

"Nani amekuita?" Bi Kazija aliuliza.

Cecilia ni Mkristo mkweli. Alisema ni mimi. Basi yakaisha. Bi Kazija alipokea vidonge kwa adabu, akamsindikiza nesi hadi mlangoni, na alipopita karibu nami kwenye ua alisema, kwa kitu kisicho sauti wala mnong'ono, "Hata hospitali umeitia wivu wako."

Nilikaa shambani siku nzima bila kufukuza ndege. Chochote kitakachotoka mkononi mwangu Bi Kazija atakimwaga. Mkono mmoja tu ulikuwa unaaminiwa katika nyumba ile, nao ulikuwa mkono ambao ningetaka uvunjike. Kesho yake nikabeba mfuko wa mchele wangu, nikadandia lori la Kivinje.

Mashine ilikuwa ikinguruma hadi ardhi inatetemeka. Upande mmoja mchele ulishuka mweupe. Upande wa pili pumba zilijikusanya kilima, na mbuzi wa mtaani wanajilia. Abdurahmani alikaa juu ya gunia, anakula ugali wa mtama na dagaa. Aliponiona aliizima mashine.

"Mshairi," alisema. "Umekuja kunitukana ana kwa ana?"

"Mbona huli wali?"

"Ninaopewa wote unakwenda Somanga. Wewe si unajua? Umeutungia shairi."

Laiti angekuwa anautafuna mbele yangu. Ningemchukia kwa raha. Kumbe alikuwa akijinyima, na mimi nilidhani ni mimi peke yangu ninayempenda Mboni hadi kwenye sahani. Iliniuma kuliko kicheko cha dirishani.

Nikamweleza kila kitu: shimo la kidole, ganzi, maneno ya Cecilia. Aliacha kula. Alitazama mikono yake yenye vumbi.

"Nimemdhuru mimi?"

"Hukujua."

"Wewe ulijua?"

"Sikujua. Nilikuchukia tu, ikatokea nikawa sawa."

Alicheka kidogo, bila furaha. "Niimbie huo ubeti. Nimeusikia kwa watu tu, na watu wanauharibu."

Nikauimba. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. "Mstari wa tatu ni mzuri," alisema. Kisha akatazama mfuko wangu. "Huo ndio wa kuku?"

"Ndio huo."

"Shangazi hatampa Mboni mchele wako."

"Atampa wako. Ndiyo maana nimekuja."

Alielewa. Tukaumimina mchele wangu kwenye mfuko wa mashine, na kila punje iliyoshuka niliiona ikihama kutoka kwangu kwenda kwake. Abdurahmani alifunga kamba, lakini hakuuinua.

"Na akipona, akanishukuru mimi?"

Nilikuwa nimeliogopa swali hilo njia nzima.

"Atembee kwanza," nilisema. "Akishatembea, atajua mwenyewe pa kwenda."

"Na wewe utanyamaza?"

"Nitanyamaza."

"Wewe?" alisema, akainua mfuko.

Ijumaa iliyofuata nilisimama barabarani na meno nimeyabana. Abdurahmani alimwambia shangazi yake kwamba huu ni mchele wa namna mpya, mabwana wakubwa wa Dar es Salaam wanaula na kunde, hawataki tena ule mweupe. Bi Kazija aliuchota kwa vidole vile vile.

"Ehe," alisema. "Huu ndio mchele. Tazama rangi, kama dhahabu. Watu wa mashine wanajua mambo." Kuku wakaja mbio hadi mlangoni, wakaulilia. Akawafukuza kwa ufagio. "Tokeni. Huu si wenu."

Sikusema neno. Sijawahi kubeba kitu kizito kama neno lile. Wiki baada ya wiki nilipeleka mchele Kivinje kwa siri, nao ukarudi Somanga na jina la mtu mwingine. Na Bi Kazija akamsifu Abdurahmani kisimani, sokoni, mbele ya mama yangu aliyeutwanga. Nyuma ya nyumba nilisikiliza. Kuburuza kukapungua. Siku moja nilisikia hatua nzima, kisha ya pili. Siku nyingine kikasikika kicheko, na Abdurahmani alikuwa chini ya dirisha, na mimi nilishukuru na kuungua kwa wakati mmoja.

Alasiri ya Ijumaa moja watu walikuwa wakirudi kutoka msikitini. Nilikuwa napita na ndoo tupu.

"Kondo."

Sauti ilitoka dirishani. Mwali hamwiti mchumba wake. Nilisimama.

"Nipo."

"Binamu anaringa sana na mchele wake mwekundu."

"Anastahili," nilisema, na neno lile lilinichoma ulimi.

"Mashine yake imeanza lini kutwanga?"

Nilihamishia ndoo mkono wa pili.

"Nimeshika mchi tangu nilipoota meno," Mboni alisema. "Najua mchele uliopita kwenye kinu. Punje zimevunjika ncha, ganda limebaki mgongoni. Tena huu niliuona ukimwagiwa kuku, nikawaonea wivu. Mmenidanganya nyote wawili, na mama anatembea anajisifu."

Ndani nilisikia Bi Kazija akiweka chini sinia. Alikuwa anasikia.

"Nikija kwako nitakula huu," Mboni aliendelea. "Lakini miguu yangu bado haijaweza kusimama kwenye kinu, na mama yako amechoka. Nani atanitwangia?" Akanyamaza kidogo, kile kimya chake nilichokijua tangu mwanzo. "Au tuupeleke kwa binamu, autie mashineni?"

Abdurahmani alikuwa amekaa barazani, anasikia kila kitu, anatazama kaptura yake. Wazee na kanzu zao walikuwa wamepunguza mwendo. Somanga mwanamume hashiki mchi. Atakayeonekana nao atatungiwa ubeti kabla ya magharibi, na ubeti huo utaishi kuliko yeye. Mimi ndiye ninayejua zaidi. Niliweka ndoo chini.

"Mboni," nilisema, kwa sauti ya kumfikia kila aliyekuwa barabarani, "nitakutwangia mimi. Uani kwangu, mchana, watu wakitazama, mpaka miguu yako itakaponiambia basi. Na punje ya chakula chako haitapita kwenye mashine ya mtu mwingine."