Gurudumu la Vikombe

Kila nyumba iliyokuwa na taa kwenye mteremko ule iliipata kutoka katika kibanda kimoja cha mabati, kando ya kijito. Humo ndani, maji yaliyoshushwa kwa bomba yaliligonga gurudumu la chuma lenye vikombe. Gurudumu likazungusha jenereta, na umeme ukapanda kwa nyaya hadi kwa majirani. Aliyelitengeneza gurudumu hilo, kikombe baada ya kikombe, alikuwa mwenye kibanda. Watu walimwita Fundi bila kuongeza neno lingine, kana kwamba duniani hapakuwa na fundi mwingine.

Lakini mfereji wa kuleta maji ulikuwa umepasuka vibaya. Kila kiangazi taa zilififia, na kuujenga upya kwa saruji kulikuwa nje ya uwezo wake. Ndipo shemeji yake, karani katika ofisi ya halmashauri na kaka wa mkewe, alipoingia na habari kabla hata ya kukaribishwa kiti.

"Shemeji, serikali inatoa ruzuku! Ukizalisha umeme wa maji, jua au upepo, ukauingiza kwenye gridi ya taifa, unalipwa bei maalumu kwa kila uniti, miaka mingi mfululizo. Hata mkopo wa ujenzi wanaudhamini wao. Mfereji, bomba, kila kitu kipya."

"Na majirani zangu?"

"Watapata umeme wa gridi kama watu wa mjini. Wewe utakuwa mzalishaji, siyo mtu wa kibanda."

"Kaka, umeanza na asali," mkewe Fundi alisema huku akipanga vikombe vya chai. "Sasa tuletee na shubiri yake."

Karani alikohoa. "Sharti ni moja tu. Ruzuku ni ya mitambo mipya. Siku ya kuomba, eneo liwe wazi."

"Wazi namna gani?" Fundi aliuliza.

"Mtambo wa zamani uwe umeshakatwa. Kuna wajanja huko kwingine walipaka rangi mitambo mikuukuu, wakaipeleka kama mipya. Kwa hiyo sasa lazima ukatwe, na afisa wa nishati ashuhudie kwa macho yake."

Fundi alikataa katakata. Alikataa wiki nzima, mpaka jioni moja ukuta mwingine wa mfereji ulipoporomoka na taa za mteremko mzima zikabaki rangi ya kutu.

"Mfereji ukiisha wote," mkewe alimwuliza, "hilo gurudumu lako utalizungusha kwa nini? Kwa mate?"

Akakubali.

Afisa alikuja asubuhi, viatu vyake vimeng'arishwa, simu mbili mkononi. Majirani walikusanyika kama waliokuja kuaga maiti. Fundi alifunga maji, gurudumu likapunguza mwendo, likasimama. Aliichukua grenda yake ya kukatia chuma, akabonyeza swichi, nayo haikuwaka. Akabonyeza tena. Ndipo akakumbuka kwamba umeme wa grenda ulitoka kwenye gurudumu lile lile.

Kinyozi, ambaye mashine zake za kunyolea zilikuwa zimezimika papo hapo na kumwacha mteja na nusu ya nywele kichwani, alifika mbio akapaza sauti kutoka nyuma: "Afisa, hata kuku huulizwa kama ana neno la mwisho!"

Watu walicheka, ila Fundi hakucheka. Alichukua msumeno wa mkono, akapiga magoti, akaanza kukata. Chuma alichokichagua mwenyewe zamani kwa kuwa ni kigumu kilimlipa kwa ugumu ule ule. Asubuhi iliyeyuka hivyo. Afisa aliketi kivulini akizungumza na simu zake, akiinuka mara moja moja kupiga picha. Vipande viwili vilipoanguka sakafuni, alimpa Fundi mkono.

"Hongera, mzee. Sasa eneo lako limekidhi vigezo."

Maombi yalipelekwa. Miezi ikapita. Karani aliyekuwa akija kila Jumapili akaanza kuja kwa nadra, kisha akawa anatuma salamu tu, hadi siku alipotokea mlangoni bila kuvua kofia.

"Kiwango cha ruzuku kimejaa," alisema. "Kampuni moja imefungua shamba la sola huko tambarare, imechukua sehemu yote iliyobaki. Dirisha limefungwa."

"Nani alilifunga?" dada yake aliuliza. "Na sisi tulikuwa wapi lilipokuwa wazi?"

"Kwenye foleni, dada."

"Foleni! Umetuvua nguo, ukatupanga foleni."

Mteremkoni, kinyozi alinunua jenereta ya petroli, na moshi wake ukawa unaingia madirishani mwa jirani zake. Nyumba nyingine zilirudia vibatari. Hakuna aliyemtukana Fundi. Wengi walianza tu kumwita Mzee.

Mwaka uliofuata wananchi waliitwa katika ukumbi wa halmashauri. Afisa wa nishati, yule yule, alisimama mbele kwa bashasha.

"Ndugu wananchi, serikali imesikia kilio chenu. Awamu ya pili ya ruzuku ni kwa ajili ya kukarabati mitambo midogo iliyopo tayari. Mifereji, mabomba, yote yatajengwa. Mwenye mtambo wa zamani anyooshe mkono."

Vichwa viligeuka. Fundi alisimama polepole.

"Naam, mzee. Mtambo wako uko wapi?"

"Nilikuwa nao. Wewe mwenyewe ulikuwapo wakati naukata."

Afisa alimtazama, akamkumbuka, akashusha macho kwenye kipaza sauti. "Aa. Ule ulikuwa utaratibu wa awamu ile."

"Vipande ninavyo. Vinaweza kuungwa."

"Vipande havizalishi umeme, mzee wangu. Utaratibu unataka mtambo unaofanya kazi." Alifikiri, uso ukachangamka, kwa kuwa alitaka kweli kusaidia. "Lakini ukijenga mwingine kwa gharama zako, ukafanya kazi kwa miaka miwili, utakuwa na sifa ya kuomba ukarabati."

"Mradi tu asiukate!" kinyozi alidakia, na ukumbi ukalipuka kwa kicheko.

Fundi aliketi. Karani, aliyekuwa kiti cha pembeni yake, aliinama kumnong'oneza. "Shemeji, tusikate tamaa. Hii awamu ya pili nikiisoma vizuri..."

"Shemeji, nakuomba usogee kidogo," Fundi alisema, akitazama mbele. "Nisije nikakuvunjia heshima mbele ya dada yako."

Mkewe aliinuka, akamsogeza kaka yake kiti kimoja, akakaa yeye katikati yao. Mikono yake aliifumbata mapajani, kwa nguvu.

Huko mbele, afisa aliuliza kama kuna swali lingine.