Mzimu Unaotandika Vitanda

Chumba cha mwisho ghorofani kilikuwa kimezibwa madirisha kwa vitambaa vyeusi, mchana ukageuzwa usiku. Humo ndimo ilimopigwa filamu ya kutisha iliyotokana na hadithi fupi ya marehemu mume wa shangazi yake Kidoti. Marehemu alikuwa mpokea wageni wa hoteli hiyohiyo. Kila akimaliza ukurasa alipanda ngazi kumsomea mkewe, naye mkewe anatandika vitanda huku anasikiliza. Hadithi iliuhusu mzimu wa chumba hicho, kwa hiyo Shangazi aliisubiri filamu kama anayesubiri mtu wake arudi safari.

Siku hiyo Kidoti, aliyefanya usafi pamoja na shangazi yake, aliwakuta watu wa filamu wamesongamana koridoni. Mwigizaji, dada mrefu aliyepakwa unga usoni ili awe mzimu, alikuwa amekaa sakafuni, hataki kuingia.

"Tumekivuruga kitanda, tukafunga mlango, tukaenda kula," alisema. "Tunarudi, kimetandikwa. Na jana hivyohivyo."

"Mzimu unaogopa mzimu," fundi wa taa akamtania.

"Cheka tu. Kalale wewe humo."

Mwongozaji hakucheka. Aliwaambia wafungashe vyombo, wakamalizie kwenye hoteli nyingine.

Shangazi alikuwa kasimama na kapu lake la shuka, uso umemshuka. Kidoti akachungulia ndani. Pembe za shuka zilikunjwa kama bahasha, midomo ya foronya imeelekezwa ukutani. Mkono ule aliujua. Ndio uliomfundisha kazi. Na ufunguo wa akiba ulining'inia kiunoni mwa Shangazi.

Akamvuta pembeni. "Shangazi, ni wewe."

"Mimi nini?"

"Kitanda."

Shangazi akainamisha macho. "Sasa mwanangu, nipite kitanda kimevurugika vile nikiache? Mkono umekwenda wenyewe."

"Waambie basi. Wakiondoka, hadithi ya marehemu itapigwa kwenye chumba cha watu."

"Watanicheka."

"Wakucheke. Nitasimama na wewe."

Shangazi akawaambia, sauti ndogo, ameshikilia kapu kama ngao. Fundi wa taa alicheka mpaka akaegemea ukuta. Mwigizaji aliinuka akamkumbatia, akamwachia unga begani.

"Lakini mbona mnakivuruga?" Shangazi akauliza, sasa amepata nguvu. "Mzimu wa hadithi ya mume wangu haukuvuruga kitu. Ulikuwa unatandika. Aliniandika mimi yule. Alisema hata nikifa, nitarudi kukunja pembe."

Mwongozaji akajikuna kisogo. "Ni kweli, kwenye hadithi unatandika. Sisi ndio tuliugeuza, watu waogope."

"Mimi kilipovurugwa sikuogopa," mwigizaji akasema. "Nimeogopa kilipotandikwa."

Mwongozaji akawaambia warudishe taa, akamwomba Shangazi atandike yeye.

Kamera ilichukua mikono ya Shangazi peke yake: inapapasa shuka, inakunja pembe, inageuza mto taratibu. Kidoti, mlangoni, aliona midomo ya shangazi yake ikicheza, kama anayefuatisha maneno aliyosomewa zamani.

"Safi sana, Mama," mwongozaji akasema. "Turudie. Kivuruge tena."

Shangazi akarudi nyuma, mikono mgongoni.

"Vurugeni nyinyi," akasema. "Mimi siwezi."