Meno Manne ya Rhobi

Maduara manne mekundu yalitokea kwenye kishikwambi, moja juu ya kila jino la mbele la Rhobi, na chini yake neno moja lisilo na huruma: NG'OA. Mtoto mwenyewe, wa miaka tisa, alikuwa bado kaachama vile vile alivyoambiwa, macho kayakaza kwenye dari la darasa.

"Mashine imeshasema," alisema Zablon, msimamizi wa mradi wa kukagua meno shuleni, akiwa ameegemea meza ya mwalimu. "Piga ganzi, tabibu. Foleni ni ndefu."

Zuleha hakupiga ganzi. Jana alikuwa amepiga. Katika shule ya jirani, akili mnemba hiyo hiyo ilimhukumu mtoto wa darasa la tano, naye Zuleha akatii kama alivyozoea kutii. Jino lilitoka zima, gumu, lenye mzizi mrefu wa jino ambalo halikuwa na nia ya kuondoka kwa miaka hamsini. Mtoto akafuta damu, akamwambia asante. Asante hiyo ndiyo iliyomnyima usingizi.

Leo alichukua chuma chake chembamba chenye ncha, akakigusisha kwenye doa la kahawia. Jino lililooza huwa laini. Ncha huzama ikanasa. Hili lilikuwa gumu kama jiwe la kusagia, chuma kikateleza. Akajaribu la pili, la tatu, la nne. Mambo yakawa yale yale.

"Hayajaoza," akasema. "Haya ni maji ya kisima. Yana madini ya floraidi, yanayatia meno rangi tangu mtoto angali mdogo. Ni rangi tu, Zablon."

"Mashine hii imesoma picha laki tatu. Wewe umesoma miaka mitatu."

"Picha za watoto waliokunywa maji ya wapi?"

Zablon akatazama saa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na taarifa ya kutuma kabla ya saa kumi, na kwa kila mtoto mwenye duara jekundu kishikwambi kilimpa nafasi mbili tu za kujaza: *imeng'olewa* au *mzazi amekataa*. Nafasi ya *mashine imekosea* haikuwepo. Waliokitengeneza hawakuona haja yake. Basi akamgeukia mama wa mtoto, Wegesa, aliyekuwa amesimama mlangoni na jembe lake, maana alitoka shambani moja kwa moja.

"Mama, unakataa?"

"Mimi sikatai," alisema Wegesa. "Hicho kidude hakina ndugu wala jirani, kitampendelea nani? Ng'oeni. Hapa shuleni wanamwita Kutu. Mtoto wangu hacheki, daktari. Hata uji anakunywa amegeukia ukuta."

Maneno hayo yalimchoma Zuleha kuliko yote, kwa sababu ukuta huo aliujua. Alikuwa binti wa fundi cherehani wa Mugumu, amekunywa maji ya kisima cha namna hiyo utoto wake wote. Mwaka wa thelathini na moja huu alikuwa akicheka nyuma ya kiganja. Picha ya harusi yake yenyewe alipiga kafunga mdomo kama anayesubiri matokeo ya mtihani. Wagonjwa walimwona mtu wa heshima, asiyependa mzaha, kumbe ni aibu tupu. Hasira ikampanda. Hakumkasirikia Wegesa, wala mashine, ambayo ni kitu tu. Alijikasirikia mwenyewe, aliyeuficha ushahidi kinywani mwake miaka yote hiyo huku akiambiwa ang'oe wa wenzake.

Akakinyakua kishikwambi, akakigeuza, akakenua mbele ya kamera. Kikafikiri kidogo, kikalia. Maduara sita. NG'OA.

"Haya, tazameni," akasema, akikizungusha ili foleni nzima ione. "Kinataka ning'olewe sita. Meno haya yametafuna miwa na mahindi ya kuchoma tangu niko darasa la pili, hayajaniuma hata siku moja. Mama Rhobi, hebu na wewe."

Wegesa alisita, kisha akafungua kinywa. Maduara matano.

Nyuma yake alikuwapo bibi mmoja, Agustina, aliyemleta mjukuu. Hakungoja kuitwa. "Na mimi nipigwe," akasema. Mbele alikuwa amebakiwa na meno matatu, na mashine ikayataka yote matatu. Bibi akakitazama kile kioo kwa dharau. "Sasa nyama nitatafuna kwa simu?"

Darasa likaangua kicheko. Wanawake walicheka wazi, meno yao ya kahawia yakionekana hadi magego. Mkono wa Zuleha ulianza safari yake ya kila siku kwenda mdomoni. Akaushusha, akautafutia kazi nyingine. Akakusanya koleo zote, akazitia kwenye sanduku kubwa la bati, akalifunga, akalikalia.

Zablon hakucheka. "Zuleha, mkataba wako unaujua. Ukigoma leo, Jumatatu ataletwa mwingine wa kung'oa."

"Aletwe. Atanikuta hapa."

"Ondoka juu ya sanduku."

"Andika kwamba tabibu amekataa. Kama nafasi hakuna, andika pembeni, na jina langu uliweke kamili, la baba na la babu. Na yule wa jana nitakwenda kwao mwenyewe, nimwambie mama yake nilichofanya."

Hakuinuka juu ya sanduku. Rhobi, aliyekuwa ameachama muda wote huo akingoja kuambiwa afunge, alijifungia mwenyewe. Akameza mate, akashuka kitini, akaja kukaa kando ya Zuleha, miguu ikining'inia.

Zablon akapiga hatua moja kuwaendea. Wegesa alimtazama yeye, akamtazama mwanawe. Kisha akaliegemeza jembe ukutani, akajifunga kanga vizuri, akapita mbele ya Zablon.

"Sogeeni kidogo," akawaambia. "Na mimi nikae."