Uvimbe Uliozikwa Bila Kupimwa

Jana usiku niliota nimekaa kwenye benchi la maabara, na pembeni yangu umekaa uvimbe wa mdogo wangu Rwekaza. Ni ule aliotolewa pajani miaka miwili iliyopita, mkubwa kama kiazi. Ulikuwa umevaa sweta la shule la Rwekaza na mikono ya sweta inaburuza chini.

Nikausalimia, maana hata ndotoni nina adabu. Haukuitikia. Ukaniuliza kama nimekuja na kopo.

Kopo nalijulia wapi, nikajifanya hamnazo. Lakini nalijua. Siku ile zahanati hawakuwa na chupa, Rwekaza akatoa kopo lake la siagi lenye kifuniko cha bluu, tabibu akautumbukiza humo pamoja na dawa ya kuhifadhi, akaniagiza niupeleke mjini ukapimwe. Sasa, ukoo wetu una mila yake: kilichotoka mwilini mwa mtu kinalala kwenye kibanja chake, chini ya migomba. Nilijificha nyuma ya mila. Ukweli ni kwamba niliogopa kulisikia neno saratani. Nikalizika kopo chini ya mgomba nyuma ya jiko, nikakaa siku mbili kwa shoga yangu, kisha nikarudi kumwambia Rwekaza kwamba umepimwa, ni mafuta tu, na kopo limebaki maabara.

Alifurahi, akaninunulia soda. Nikainywa yote.

Mwezi uliopita ukaota uvimbe mwingine, palepale pajani. Daktari wa mjini amechukua kipande, na anataka kipimo cha vinasaba, kwa sababu anasema saratani za nyama laini ni nyingi na kwa macho zinafanana mno, na ukikosea jina unakosea na dawa. Akauliza ule wa kwanza ulisemaje. Nikamjibu kwamba cheti kimepotea. Sikupepesa hata jicho.

Basi bwana, dirisha la maabara linafunguka. Hadubini yenye miwani inatutazama mimi na uvimbe, mmoja baada ya mwingine. Inasema kwa macho tunafanana mno, kwa hiyo itabidi tupimwe vinasaba ijulikane yupi dada na yupi uvimbe. Sikubisha. Nilikuwa nimechoka.

Tunaelekezwa chumba cha pili. Naingia, nakuta ni jikoni kwa marehemu bibi. Mafundi cherehani wawili wamekaa kwenye mkeka, na mbele yao, katikati ya masufuria, vimepangwa vitabu arobaini na sita, kimoja kwa kila kromosomu ya Rwekaza. Wananieleza kwamba wao wanatafuta ukurasa uliochanwa kwenye kitabu kimoja ukashonewa kwenye kingine. Wakiuona mshono, jina la uvimbe limeandikwa hapohapo.

Fundi mwanamke ananyoosha mkono apewe kopo. Kumbe ninalo mapajani. Analigeuza, analirudisha. Anasema sampuli isiyo na jina la mgonjwa haipokelewi, hata iwe inaongea.

Nachukua kalamu ya wino mwekundu, naandika RWEKAZA juu ya kifuniko. Uvimbe unanitazama nikiandika.

"Nilikuwa mdogo," ukasema. "Wangenisoma wakati ule, wangejua wamfanye nini."

"Sikujua."

"Ulijua."

"Nilihisi tu."

"Basi ulijua."

Ulisema bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma. Ningependa unitukane.

Fundi anakipata kitabu, anakifungua penye mshono. Ukurasa umelowa, umejaa udongo, na mahali pa jina pana matundu matupu.

"Huu hausomeki," akasema. "Mchwa wameusoma kabla yetu."

Akaniuliza kama nina mwingine. Nikasema ninao, uko pajani kwa mdogo wangu.

"Huo utasomeka vizuri," akasema huku akifunga kitabu. "Umeshakua."

Nikageuka kuuomba uvimbe radhi. Kwenye mkeka lilikuwapo sweta peke yake, limekunjwa vizuri, kama mtu anavyokunja nguo anaposafiri.

Nikaamka jua limeshapanda. Nilikaa kitandani nikijisema kwamba ndoto ni ndoto, na majibu ya kipande kipya yatatoka Alhamisi, na Rwekaza hana sababu ya kujua mengine. Nyuma ya jiko nilimsikia anafukuza kuku.

Akaingia anachechemea. Mkononi ameshika kifuniko cha bluu chenye udongo pembeni. Akaniambia kuku wamefukua chini ya mgomba, wametoa kopo.

Mimi kopo lile nililizika bila maandishi, hata alama sikuweka. Lakini juu ya kifuniko lilikuwapo jina lake kwa wino mwekundu, kwa mwandiko wangu, na wino ulikuwa bado mbichi kiasi cha kumchafua dole gumba.

Hakuuliza nani ameandika. Alikuwa anakitazama kifuniko chenyewe, na niliona jinsi anavyokitambua.

"Dada," akasema, "hili kopo si ulisema lilibaki maabara?"

Nilitafuta uongo mwingine, na nilikuwa nao, lakini macho yangu yalikuwa kwenye paja lake.

"Kaa kwanza, Rwekaza."

Hakukaa. Alibaki amesimama kwa mguu ule ule wenye uvimbe, ananisubiri.