Sarafu Isiyolia

Kuvumilia mimi sijui, na kila anayenifahamu analijua hilo. Kwa hiyo wifi yangu alipoidondosha sarafu yangu kwenye marumaru ya sebuleni ikasema "tap" kama kifuniko cha soda, kisha akaidondosha yake ikalia "ngriii" mpaka paka akainua kichwa, nilimshika mkono papo hapo.

"Tunaenda wapi?"

"Kwa sonara. Leo mmoja wetu atafyata mkia."

Sarafu zenyewe ni za fedha, za zamani sana. Mama mkwe alikuwa nazo mbili. Alipozidiwa na ugonjwa alimpa bintiye moja, na nyingine akanitia mimi kiganjani, akakifumba kwa mikono yake yote miwili. "Hii yako, mwanangu," akasema. Miaka yote ya ndoa yangu alikuwa ananiita mke wa mwanawe, basi. Neno "mwanangu" nililisikia siku ile tu, na wiki haikuisha tukamzika. Sasa kama sarafu ni bandia, na lile neno je? Hapo ndipo palipokuwa pananichoma.

Sonara wetu ni mama mmoja mnene, mtaa mzima unamwita Bi Taratibu. Ukimharakisha anakurudishia kitu chako na kukuonyesha mlango. Duka lake limebanwa kati ya fundi simu na muuza rangi, na juu ya meza yake huoni hata chembe ya vumbi. Nilimweleza shida yetu kwa pumzi moja. Akanyoosha kiganja, akapokea sarafu zote mbili, akaanza kuzifuta.

"Ni bandia au si bandia?" nikauliza.

"Ndiyo kwanza nasalimiana nazo."

Wifi akacheka.

Alizisogezea sumaku, hakuna iliyonasa. Akapitisha ukucha ukingoni, kwenye vile vijino vidogo, macho kafumba. Kisha akatoka nje, akamwambia fundi simu azime redio. Na yule kijana mbishi, ambaye hata polisi wakimwambia hazimi, akazima! Bi Taratibu akarudi, akaiweka sarafu ya wifi kwenye ncha ya kidole, akaigonga kwa kijiti karibu na sikio. Ikaimba. Akagonga yangu. Kimya.

"Si nilikwambia?" wifi akasema. "Mama alikupa bati."

Nikatamani niichukue nikaitupe mtaroni.

"Mimi bado sijasema," Bi Taratibu akajibu, wala hakumwangalia.

Akaifunga yangu kwa uzi mwembamba, akaipima kwenye mizani ikining'inia, kisha akaipima tena imezama ndani ya glasi ya maji. Akafanya vivyo hivyo kwa ya wifi. Alitueleza kwamba kila madini yakizama hupungua uzito kwa namna yake, na fedha hupungua kidogo kuliko shaba au bati. Mikono yake minene ile, maji hayakutikisika hata kidogo. Jamani, nilisahau hasira zangu nikabaki namwangalia tu. Natamani ningekuwa na kitu kimoja duniani ninachokijua hivyo.

"Zote mbili fedha," akasema. "Sasa nataka kujua huyu mwenzetu kwa nini hasemi."

Mimi ningeishia hapo, nirudi nyumbani nikipiga vigelegele. Yeye akachukua kioo cha kukuzia, akaizungusha sarafu yangu polepole chini ya taa, mpaka karibu na ukingo akasimama. "Njooni muone."

Palikuwa na kidoa cha duara, kidogo kuliko punje ya mtama, rangi yake imefifia.

"Ilitobolewa, halafu tundu likazibwa kwa lehemu. Sarafu iliyozibwa hailii. Na oneni tundu lilivyolika upande wa juu. Hii imevaliwa shingoni miaka na miaka."

Nilikuwa na maneno yangu tayari, makali, nimeyapanga tangu nyumbani. Nikamgeukia wifi. Alikuwa analia.

"Utotoni nilikuwa nalala nimeishika," akasema. "Mama akinibeba, mkono wangu uko pale pale. Baba alipofariki, mama akaivua, nikadhani ameiuza. Baada ya msiba wa mama nimeitafuta kwenye masanduku yote."

Yale maneno yangu sijui yalikwenda wapi. Nikamsogezea sarafu. "Chukua, wifi. Ni yako."

Aliishika, akaifumbata, akaiweka shavuni. Nikajua imeshakwenda, na nikaona ni haki yake. Halafu akatikisa kichwa.

"Nilikuwa nimekaa pale pale kitandani alipokupa. Angetaka iwe yangu, angenipa mimi."

Akamgeukia Bi Taratibu. "Mama, hiyo lehemu inatoka?"

"Inatoka. Lakini kulia kama ya kwako, haitalia."

"Haidhuru."

Tulisubiri, na kwa mara ya kwanza sikumharakisha mtu. Tundu lilipofunguka, Bi Taratibu alikata kipande cha kamba nyeusi, akakipitisha kwenye sarafu, nikanyoosha mkono kuipokea. Wifi akaiwahi.

"Geuka."

Nikageuka. Akanivisha shingoni, akafunga fundo kwenye kisogo changu, akalikaza, akafunga la pili.

"Hata ukioga usiivue," akaniambia. "Mama alikuwa haivui."